SOMO LA MAKATIBU: JIWE LISILOJULIKANA KATIKA PETE YA ZAMANI



Somo letu la safari hii linahusu kitu ambacho vyama vya akiba na mikopo hukipokea mara chache, na kwa sababu hiyo hukipokea vibaya, nacho ni pambo la zamani lenye jiwe. Ng'ombe tunamjua, shamba tunaweza kulipima kwa hatua, mabati ya nyumba tunaweza kuyahesabu. Lakini mwanachama anapoweka mezani pete ya marehemu bibi yake na kuomba iwe dhamana ya mkopo wa ada ya shule, katibu hushika kalamu na kuandika jina la jiwe kama alivyotajiwa. Neno hilo, likiisha kuandikwa katika daftari la dhamana na risiti ikapigwa muhuri, si neno la mwanachama tena. Limekuwa neno la chama, na chama ndicho kitakachoulizwa juu yake.

Hatukusudii kumfanya katibu awe sonara. Twataka ajue namna ya kulitazama jiwe, atambue ni mambo gani jiwe lenyewe linaweza kumwambia, na ayaandike hayo bila kuongeza chumvi.

KISA CHA PETE ILIYOBADILIKA RANGI

Katika chama kimoja ambacho sitakitaja jina, mwanachama mmoja, mama mjane, alileta pete ya dhahabu iliyokuwa ya baba mkwe wake. Mzee huyo alikuwa baharia, na ukoo ulisimulia kwamba aliinunua Port Said, nchini Misri, meli yake iliposimama kupita Mfereji wa Suez. Mfanyabiashara mmoja aliyekuwapo siku hiyo aliinyanyua pete, akaigeuza mara mbili, akasema, "Hii ni aleksandraiti, kito cha bei kubwa." Kamati ikaridhika. Wadhamini wawili walitia sahihi, kila mmoja akiamini kuwa pete peke yake yatosha kulipa deni lote. Katibu akaandika: "Pete 1 ya dhahabu, jiwe la aleksandraiti la buluu." Ilikuwa saa tano asubuhi, meza iko karibu na dirisha.

Miezi saba baadaye mama alirudi. Alikuwa amepata mnunuzi mjini, akataka kuiona pete ili wapatane namna ya kuiuza na kumaliza deni. Ilikuwa jioni, umeme umekatika, na katibu akawasha chemli. Alipofungua bahasha, jiwe lililotoka ndani yake lilikuwa zambarau lenye wekundu. Mama akasema, "Hili si jiwe la baba mkwe wangu," akaondoka bila kuaga. Haikupita siku ya pili kabla kijiji kizima hakijajua kwamba katibu amebadilisha jiwe. Kamati ikamtaka akabidhi funguo za sefu, na Mkaguzi akaitwa.

Nilipofika niliomba pete iletwe asubuhi, mbele ya mama mwenyewe, wadhamini na kamati, nasi tukaitazama dirishani pale pale ilipopokelewa. Jiwe lilikuwa buluu ya kijivu. Tukafunga madirisha, tukawasha mshumaa, likawa zambarau. Mama alinyamaza kitambo. Kisha akasema kuwa rangi haimtoshi, kwani mwizi aweza kuleta jiwe lingine la tabia hiyo hiyo. Neno lake lilikuwa la haki. Akaeleza kwamba marehemu mumewe aliwahi kuigonga pete kwenye mpini wa pampu ya kisima, na jiwe likamenyeka kidogo karibu na ukucha mmoja unaolishika. Tulilitafuta pengo hilo kwa kioo cha kukuzia, tukalipata mahali alipopataja.

Katibu alirudishiwa funguo zake. Lakini yafaa kila katibu anayesoma kisa hiki afahamu kwamba mwenzake aliokolewa na kumbukumbu ya mama yule. Daftari la chama halikumsaidia, maana halikuwa na kipimo, uzito, alama wala saa.

KWA NINI JIWE HUBADILIKA

Mwanga wa mchana una rangi zote, na buluu na kijani zimo kwa wingi. Mwanga wa moto, yaani wa mshumaa, wa chemli au wa balbu ya zamani yenye waya, una wekundu na umanjano mwingi na buluu haba. Mawe mengi hayajali tofauti hiyo. Yapo machache ambayo humeza rangi za katikati na kupitisha zile za pande zote mbili. Dirishani upande wa kijani au buluu hushinda, na penye chemli upande wa nyekundu hushinda. Ndani ya jiwe hapana kilichobadilika. Katibu atakayefanya jaribio hili chini ya tubulaiti huenda asione lolote, kwani mwanga wake mweupe unakaribia ule wa mchana. Hali kadhalika taa nyingi nyeupe za LED. Mshumaa wa kawaida utamfaa zaidi.

Aleksandraiti ndiyo iliyosifika kuliko yote kwa tabia hii. Ilijulikana katika Milima ya Ural, nchini Urusi, katika miaka ya 1830, ikapewa jina la mrithi wa kiti cha ufalme aliyekuja kuwa Tsar Alexander II. Hapa Tanzania imepatikana karibu na Ziwa Manyara na huko Tunduru. Mchana huwa ya kijani, au kijani inayoelekea buluu, na penye mshumaa huwa nyekundu au zambarau nyekundu. Jiwe la pete yetu halikuonyesha kijani hata chembe, na hiyo ilikuwa dalili ya kwanza.

Dalili moja haitoshi. Katika Bonde la Mto Umba, Mkoa wa Tanga, kuna yakuti samawi ya asili ambayo nayo hutoka buluu na kuingia zambarau, na kuna mawe mekundu ya jamii ya ganeti yanayobadilika pia. Kwa hiyo mtu anayesema "limebadilika, basi ni aleksandraiti" amekosea, na anayesema "halina kijani, basi ni uchafu wa kiwandani" naye amekosea. Hapana budi kuangalia ndani ya jiwe.

PETE KUWA YA KALE SI USHAHIDI WA JIWE

Watu wengi huamini kwamba mawe ya viwandani ni mambo ya juzi, na kwamba kitu kilichovaliwa na babu lazima kilitoka ardhini. Si kweli. Mwaka 1902 Mfaransa Auguste Verneuil alitangaza njia yake ya kutengeneza yakuti. Unga laini wa alumina, pamoja na kiasi kidogo cha madini ya kutia rangi, hudondoshwa kupitia mwali mkali wa oksijeni na hidrojeni. Unga huyeyuka, matone huangukia kijiti kinachozunguka, na baada ya saa chache kunakuwa na gumba la yakuti lenye umbo la chupa ndogo. Kwa hiyo bibi aliyezaliwa mwaka 1920 aliweza kabisa kuvishwa yakuti ya kiwandani siku ya harusi yake, na sonara aliyeiuza huenda hakujua.

Badala ya rangi ya yakuti nyekundu, unga huo ukitiwa vanadiamu hutoa jiwe la buluu ya kijivu mchana na zambarau usiku. Mawe ya namna hiyo yameuzwa kwa wingi kwa jina la aleksandraiti, hasa kwa wasafiri na mabaharia, na masoko ya Misri yamejulikana sana kwa biashara hiyo. Simulizi ya Port Said, ambayo ukoo uliishika kama hati ya uthabiti, kwa mtu anayejua mambo haya ilikuwa sababu ya kutazama mara mbili.

KUTAZAMA NDANI

Chombo kinachohitajika ni kioo cha kukuzia mara 10, kile wanachotumia mafundi saa. Futa jiwe kwa kitambaa laini kilicholoweshwa maji, kisha likaushe. Lete kioo karibu na jicho, na pete ilete karibu na kioo mpaka ione vizuri. Wengi hukosea kwa kukishika kioo mbali kama wanaosoma gazeti. Mwanga uingie kutoka ubavuni, usipige moja kwa moja usoni mwa jiwe.

Katika jiwe lililokua ardhini, mistari ya ukuaji, ikionekana, huwa imenyooka, na pengine hukutana kwa pembe. Ndani huweza kuwa na sindano nyembamba, punje za madini mengine, au nyufa zilizopona zinazofanana na alama za vidole. Jiwe la mwali wa Verneuil lilijengwa tone juu ya tone, kwa hiyo mistari yake imepinda kama mifereji ya santuri. Huenda pia likawa na vipovu vidogo vya hewa. Katika pete ya mama yule mistari iliyopinda ilionekana waziwazi, na mtaalamu wa vito aliyepelekewa baadaye alithibitisha kuwa ni korandamu, yaani madini yale yale ya yakuti, iliyotengenezwa kiwandani.

Na je, jiwe safi kabisa lisilo na chochote ndani? Hilo ndilo la kuogopa zaidi. Jiwe la asili la rangi nzuri, kubwa kama punje ya hindi na lisilo na dosari, ni adimu sana, na likiwepo huwa na historia na hati zake.

Kioo cha kawaida nacho hutiwa katika pete. Vipovu vyake ni vya mviringo, na kingo za nyuso zake zilizochongwa huwa zimelika na kuwa butu, kwa kuwa kioo ni laini kuliko mchanga uliomo katika vumbi la kila siku. Ukiligusisha jiwe mdomoni, kioo huonekana vuguvugu kuliko yakuti au almasi. Tena yako mawe ya mapande mawili, ambayo yalitengenezwa sana tangu katikati ya karne ya 19: kipande chembamba cha ganeti huunganishwa juu ya kioo cha rangi. Litazame jiwe la namna hiyo kwa ubavu uone mshono. Au lipindue uso chini juu ya karatasi nyeupe, na aghalabu utaona duara jekundu pembeni hata kama jiwe ni la kijani.

Ipo njia ya kupima uzito wa jiwe ndani ya maji. Ikiwa jiwe lina gramu 1.60 hewani na gramu 1.20 likiwa limetumbukizwa majini, limepungua gramu 0.40; gawanya 1.60 kwa 0.40 upate 4.0, nacho ni kipimo cha korandamu. Aleksandraiti hutoa kama 3.7, na jamii ya kwazi kama 2.65. Njia ni nzuri, ila haifai kwa jiwe lililofungwa katika dhahabu, na katibu hana ruhusa ya kulifungua. Zaidi ya hayo, yakuti ya kiwandani na yakuti ya ardhini hutoa hesabu moja, maana ni kitu kimoja kilichozaliwa mahali pawili.

USHAHIDI WA PETE YENYEWE

Mara nyingine dhahabu hueleza zaidi kuliko jiwe. Tafuta chapa ndani ya duara la pete. Namba 375 ni dhahabu ya karati 9, 585 ni karati 14, 750 ni karati 18, na 916 ni karati 22, ambayo masonara wa Kihindi katika miji yetu wameipendelea siku zote. Pete ya Uingereza yenye alama 15 na .625 ni ya kati ya mwaka 1854 na 1932, kwa sababu karati 15 iliondolewa katika chapa rasmi za nchi hiyo mwaka 1932.

Sasa linganisha chapa na madai. Tanzanaiti ilitambuliwa mwaka 1967 huko Mererani, ikapewa jina lake na kampuni ya Tiffany & Co. ya Marekani mwaka 1968. Mwanachama akileta pete ya karati 15 na kusema jiwe lake ni tanzanaiti iliyokuwamo tangu mwanzo, basi ama jiwe lilitiwa baadaye, ama si tanzanaiti. Kagua kucha zinazolishika jiwe: zikiwa zimekunjwa upya, zimeungwa, au jiwe linacheza mahali pake, andika hivyo. Hilo si tuhuma, kwa kuwa watu wengi hubadilisha mawe kwa haki yao.

SANDARUSI NA KAHARABU

Kwa vyama vya pwani nitaongeza neno juu ya shanga za manjano. Kaharabu ni utomvu wa miti uliogeuka jiwe kwa mamilioni ya miaka, na nyingi hutoka nchi za Bahari ya Baltiki. Sandarusi, iliyochimbwa pwani yetu na kusafirishwa kwa wingi kupitia Zanzibar katika karne ya 19 kwa ajili ya vanishi, ni utomvu pia, lakini wa umri mdogo sana ukilinganishwa nao. Zote mbili ni nyepesi na huelea katika maji yaliyokolezwa chumvi. Shanga za bakelaiti, plastiki iliyobuniwa na Leo Baekeland mwaka 1907, huzama. Kwa hiyo bakuli la maji ya chumvi litakutengea plastiki hiyo, ila halitakutengea sandarusi na kaharabu. Tone la spiriti hunatisha uso wa sandarusi, lakini jaribio hilo huacha doa, na shanga ni mali ya mtu. Mwachie mtaalamu.

MAMBO YASIYORUHUSIWA OFISINI

Katibu asikwaruze jiwe kwa msumari wala kulikwaruzia kioo cha dirisha. Imani kwamba kinachokwaruza kioo ni almasi haina msingi. Kwazi ya kawaida ya mtoni hukwaruza kioo, na tanzanaiti ya kweli yenyewe ni laini kuliko kwazi hiyo na huweza kuharibika kwa jaribio la kijinga. Asitumie sindano ya moto, siki, asidi wala maji yanayochemka. Lulu huliwa na siki, na zumaridi aghalabu hutiwa mafuta ndani ya nyufa zake, ambayo hutoka kwa joto. Nimekuta daftari moja ambamo iliandikwa kwa fahari, "Jiwe limejaribiwa kwa tupa." Chama kilichokuwa na daftari hilo kilimlipa mwenye mali.

NAMNA YA KUANDIKA

Andika unachokiona na ulichopima. Jina la jiwe liandikwe kama kauli ya mwenye mali. Pete ya kisa chetu ingepaswa kuandikwa hivi:

"Pete moja ya madini ya manjano, chapa 750 ndani ya duara. Uzito wote pamoja na jiwe gramu 7.85. Jiwe moja, umbo la yai, milimita 14 kwa 10, limeshikwa kwa kucha nne. Dirishani saa 5 asubuhi: buluu ya kijivu. Kwa mshumaa: zambarau yenye wekundu. Karibu na ukucha mmoja pana pengo dogo, limeonyeshwa katika mchoro. Mwenye mali asema ni aleksandraiti, chama hakijathibitisha. Thamani ya jiwe kwa dhamana: haikuhesabiwa."

Mwenye mali, katibu na mjumbe mmoja wa kamati watie sahihi. Picha zipigwe dirishani na penye mshumaa. Bahasha ifungwe kwa lakiri, na sahihi zipite juu ya mdomo wake, ili asiyehusika asiifungue bila kuonekana.

Maneno "haikuhesabiwa" ndiyo yaliyokosekana zaidi katika kisa chetu. Kamati ilikadiria mkopo kwa jina la aleksandraiti. Jibu la mtaalamu lilipofika, kilichobaki kuwa dhamana ni uzito wa dhahabu, nao haukufika hata nusu ya deni lililokuwa limebaki. Wadhamini wawili, mmoja wao mzee mwenye nusu eka ya migomba, ndipo walipofahamu kwamba sahihi zao zilikuwa na uzito kuliko pete. Mama mjane hakumdanganya mtu, kwani alirudia alichosimuliwa. Kamati ilimwongezea muda wa kulipa, naye analipa. Pete hakuiuza.

Endapo mwanachama anataka thamani ya jiwe ihesabiwe, apelekwe kwa mthamini wa vito mwenye leseni au kwenye maabara ya vito, na alete hati iliyoandikwa ikieleza kama jiwe ni la asili au la kiwandani, na kama limetiwa joto au rangi. Gharama zijulikane kabla ya safari. Kwa pete ndogo, gharama ya uchunguzi yaweza kupita faida yake, na hapo ni bora kukopa kwa uzito wa dhahabu tu.

MASWALI KWA VIKUNDI VYA KUJISOMEA

Fungueni daftari la dhamana la chama chenu. Je, kuna pambo lililoandikwa kwa jina la jiwe bila kipimo, na mwenyewe angelitambuaje leo mbele ya mashahidi? Mwanachama aleta kidani chenye alama 15 na .625 na jiwe la buluu analoliita tanzanaiti: mtamwuliza nini, na mtaandika nini? Jiwe la gramu 0.93 likipimwa majini likawa gramu 0.58, hesabu yake ni ngapi, na kwa nini hesabu hiyo peke yake haiwaambii kama lilitoka ardhini?